UZI: Moyo umechoka, daktari anaandika dawa ya kupunguza mapigo. Kwa nini? Tuongelee vipokezi vya seli

#1 Mfamasia wa Zamu

Wakuu, salaam.

Mara kwa mara anafika dirishani kwangu mtu ana cheti chenye bisoprololi au kavediloli. Ameambiwa moyo umepanuka na hausukumi damu vizuri. Akirudi nyumbani kijana wake anaitafuta dawa mtandaoni, anasoma kwamba inapunguza kasi na nguvu ya mapigo, na hapo nyumba nzima inaingia wasiwasi: moyo wa baba umeshadhoofu, inakuwaje apewe kitu cha kuudhoofisha zaidi? Wengine wanaiacha kimya kimya. Nawaelewa kabisa. Swali hilohilo madaktari walilibeba kwa zaidi ya miaka 20, na vitabu vyao vilikataza dawa hii kwa mgonjwa wa namna hiyo. Nataka tulijibu hapa kwa kirefu, maana nimeona mtu akijua dawa inafanya nini mwilini mwake, anaimeza bila kulazimishwa.

Tuanze na seli. Ukuta wa nje wa seli ya moyo umepachikwa protini nyingi ndogo ndogo, upande mmoja uko nje na mwingine uko ndani. Hizo ndizo vipokezi. Adrenalini, homoni ambayo mwili unaimwaga wakati wa dharura, haiingii ndani ya seli. Inatua kwenye kipokezi kwa nje, kipokezi kinabadilika umbo, na badiliko hilo ndilo linaloamsha kazi upande wa ndani. Chukulia kipokezi ni siti ya daladala. Adrenalini ni abiria ambaye akishakaa tu anampigia dereva kelele akanyage mafuta: moyo unapiga haraka, unakaza kwa nguvu, unakula oksijeni nyingi. Dawa za kundi la vizuia-beta, bisoprololi na kavediloli zikiwemo, ni abiria anayekaa kwenye siti ileile na kunyamaza. Adrenalini ikija inakuta pamekaliwa. Dereva yuleyule, injini ileile, ila kelele zimepungua.

Jina "beta" lilitoka kwa Raymond Ahlquist wa Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Alilinganisha jinsi viungo mbalimbali vinavyoitikia kemikali za jamii ya adrenalini, akaona vinajigawa katika mafungu mawili. Akasema lazima kuna vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta, na moyo akauweka kwenye beta. Ilikuwa mwaka 1948. Jarida la kwanza alilolipelekea makala lilimkatalia, na hata yalipochapishwa kwingine yalikaa miaka mingi bila watu kuyatilia maanani.

Aliyeyaokota ni Mskoti James Black. Enzi hizo mgonjwa wa angina, yaani kifua kinachobana kwa sababu mishipa ya moyo imekuwa myembamba, alitibiwa kwa kujaribu kuuongezea moyo damu. Black akaligeuza suala: kama njia ya damu ni finyu na haipanuki, basi moyo upunguziwe mahitaji. Mwaka 1958 akajiunga na kampuni ya ICI, Uingereza, kutafuta kitu cha kukalia vipokezi vya beta. Pronethaloli ilifanya kazi ila ikaleta uvimbe kwa panya wa maabara, ikawekwa kando. Iliyofuata ni propranololi, ikaingia hospitalini katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1988 Black alipata Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Kwangu mimi huyu ni kati ya watu waliookoa roho nyingi zaidi karne iliyopita, na watoto wetu shuleni hawamsikii kabisa.

Sasa tuje kwenye moyo uliochoka, ndiyo hoja yenyewe. Moyo ukishindwa kusukuma, mwili unaona damu haifiki, unamwaga adrenalini na ndugu yake noradrenalini kwa wingi ili kuuchapa uendelee. Kwa muda mfupi inasaidia. Ndiyo maana madaktari waliamini ukizuia hiyo nguvu ya dharura unamuua mgonjwa. Halafu mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Sweden, wakachapisha habari za wagonjwa 7 wenye misuli ya moyo iliyodhoofu, waliopewa vizuia-beta kwa uangalifu, na hali zao zikawa nzuri zaidi. Saba tu. Wengi walikataa kuamini.

Ushahidi ukaja taratibu. Mwaka 1982 timu ya Michael Bristow ilipima mioyo iliyoshindwa, ikakuta vipokezi vya beta vimepungua kiasi cha nusu. Yaani seli, baada ya kupigiwa kelele miezi na miaka, imeng'oa siti zake yenyewe ili kujihami. Mwaka 1984 Jay Cohn na wenzake wakaonyesha kwamba mgonjwa mwenye noradrenalini nyingi zaidi kwenye damu ndiye anayekufa mapema zaidi. Tafsiri yake ni nzito: ile nguvu ya dharura ndiyo iliyokuwa inaumaliza moyo. Noradrenalini ikizidi kwa muda mrefu, kalsiamu inafurika ndani ya seli za misuli ya moyo, seli zinakufa, makovu yanachukua nafasi yake, na moyo unazidi kutanuka.

Mwaka 1999 ubishi ukaisha. Utafiti wa CIBIS-II uliwachukua wagonjwa 2,647. Waliopata kidonge kisicho na dawa walikufa asilimia 17.3, waliopata bisoprololi asilimia 11.8. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilishakuwa wazi. Mwaka huohuo MERIT-HF, watu 3,991, metoprololi ya kutoka taratibu ilipunguza vifo kwa asilimia 34. Mwaka 2001 kavediloli ikafanya karibu vilevile kwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya kabisa.

Kwa hiyo baba akimeza bisoprololi, moyo unapewa kivuli. Seli zinapumzika, zinaacha kufa ovyo, nyingine zinarudisha vipokezi vyake, na baada ya miezi mitatu na kuendelea kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) mara nyingi kinaonyesha moyo unasukuma vizuri kuliko mwanzo, na hata ukubwa wake unapungua.

Uwanja ni wenu. Ulizeni, na mwenye kunipinga apinge kwa hoja.

#2 Mto Ruhuhu

Mkuu, umenigusa penyewe. Mzee wangu alianza kuvimba miguu, akawa hawezi kulala chali, anaamka usiku anatafuta hewa. Tukampeleka hospitali ya rufaa, eko ikasoma moyo unasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo kila unapopiga. Amepewa kavediloli 3.125 asubuhi na jioni, pamoja na dawa ya kukojoa na nyingine mbili. Tangu aanze kavediloli anasema mwili umelegea kuliko mwanzo, hata kwenda msikitini anaona mbali. Yeye anataka aiache. Mama naye anamuunga mkono. Nifanye nini?

#3 Mfamasia wa Zamu

Pole sana kaka, na mpe mzee shikamoo yangu.

Kulegea wiki za mwanzo ni jambo linalojulikana. Moyo wake ulizoea kuchapwa, sasa fimbo imeondolewa na faida bado haijaja. Ndiyo maana ameanzishiwa dozi ndogo kiasi hicho. Kawaida daktari anaiongeza maradufu kila baada ya wiki mbili au zaidi, kadiri mgonjwa anavyohimili, mpaka ifike dozi iliyotumika kwenye tafiti. Anayeharakisha kuipandisha anamuumiza mgonjwa, na anayembakiza kwenye dozi ya kuanzia miaka mitatu bila kuipandisha naye anamnyima faida.

Tofautisha kulegea na hatari. Mpimeni uzito kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, au miguu ikizidi kuvimba, au akirudia kuamka usiku anatafuta pumzi, hayo ni maji yanarudi. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi daktari anaongeza dawa ya kukojoa na kavediloli inabaki. Akizimia, au kizunguzungu kikimwangusha, au mapigo yakishuka chini ya 50, nako msisubiri kliniki. Kavediloli pia anywe pamoja na chakula, inapunguza kizunguzungu cha kusimama.

Kuhusu kuiacha: asiiache ghafla hata kidogo. Abiria mkimya akikaa muda mrefu kwenye siti, seli inaona haisikii adrenalini, inaongeza siti. Ukimtoa abiria huyo siku moja, adrenalini inaingia ndani ya gari lenye siti nyingi kuliko kawaida. Mapigo yanaruka, presha inapanda, mwenye mishipa iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1970 na kwenye karatasi ya propranololi huko Marekani limewekewa onyo kali. Ikibidi iachwe, daktari anaishusha kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Mama naye akae chini aelezwe. Hao ndio wanaoshika boksi la dawa nyumbani, ukimwacha nje ya maelezo umeshapoteza.

#4 Bi Mwanakheri

Assalaam aleikum wanangu. Mimi nina pumu tangu utoto. Mwaka fulani nilikuwa na shida ya tezi ya shingo, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio, duka moja la dawa likanipa propranololi bila kuniuliza lolote. Usiku ule kifua kilibana nikapelekwa hospitali na gari la jirani. Nilidhani ni jini. Naomba nielezwe, dawa ya moyo ina nini na mapafu yangu?

#5 Mfamasia wa Zamu

Wa aleikum salaam, shikamoo bibi. Nashukuru umelileta, kuna mtu leo litamwokoa.

Vipokezi vya beta si aina moja. Mwaka 1967 Alonzo Lands na wenzake walionyesha kwamba vimegawanyika: beta-1 viko zaidi moyoni, beta-2 viko zaidi kwenye mirija ya mapafu. Kwenye mapafu, kipokezi kikipata adrenalini, misuli ya mrija inalegea na hewa inapita. Ile dawa yako ya kupuliza ya pumu, salbutamoli, inafanya kazi hiyohiyo: inakaa kwenye beta-2 na kuamuru mirija ifunguke. Propranololi haichagui. Inakalia beta-1 na beta-2 zote. Kwa mwenye pumu inafunga mirija, na mbaya zaidi, hata ukipuliza salbutamoli inakuta siti zimeshakaliwa. Kwa tezi propranololi ni dawa nzuri na inatumika sana, ila mwenye pumu hatakiwi kupewa. Kavediloli nayo haichagui.

Bisoprololi inapendelea beta-1. Inapendelea tu, haimaanishi haigusi kabisa beta-2, na dozi ikipanda upendeleo unapungua. Mwenye pumu na moyo mdhaifu kwa pamoja anahitaji daktari wa moyo aamue, si duka la dawa. Bibi, kila unapokwenda kutibiwa, hata jino, tangulia kusema una pumu kabla hujaulizwa.

Na wenye kisukari mnaodunga insulini: sukari ikishuka, kengele ya kwanza kwa wengi ni moyo kwenda mbio na kutetemeka. Vizuia-beta vinaifunika kengele hiyo. Jasho linabaki. Ukitokwa jasho la baridi bila sababu, pima sukari.

#6 Nesi wa Likoni

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Mombasa, nafanya kazi wodi ya watu wazima.

Naongeza jambo linalonitia uchungu kila siku. Mgonjwa anatoka wodini na bisoprololi au kavediloli, akienda kununua anaambiwa haipo, chukua atenololi, ni ya familia moja na bei yake nafuu. Anaondoka akiamini ni kitu kimoja. Si kimoja. Kwa presha atenololi inashusha, sawa. Kwa moyo uliochoka, zilizothibitishwa kupunguza vifo ni bisoprololi, kavediloli na metoprololi ya kutoka taratibu. Hata metoprololi yenyewe ina mbili: saksineti inayotoka taratibu kutwa nzima, na tatreti inayotoka haraka. Utafiti wa COMET mwaka 2003 uliilinganisha ile ya haraka na kavediloli kwa watu 3,029. Vifo vilikuwa asilimia 40 upande wa metoprololi hiyo na asilimia 34 upande wa kavediloli. Kwa hiyo kukalia siti peke yake hakutoshi. Nani amekaa, kwa muda gani, na anaachia vipi, vyote vina uzito.

Ndugu zangu wa famasi, kama haipo mpigieni daktari simu. Namba iko kwenye karatasi.

#7 Kijana wa Kairuki

Mtoa mada, heshima kwako, lakini nakupinga mahali pamoja. Hujasema wazi kwamba yote haya ni ya moyo kushindwa na angina. Watu wataondoka hapa wanadhani kizuia-beta ndicho dawa ya kwanza ya presha, na kwetu sisi Waafrika weusi hilo si kweli. Nasoma udaktari mwaka wa tano, tumefundishwa utafiti wa CREOLE, 2019: watu 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Amlodipini ikiambatana na dawa ya kukojoa, au amlodipini na perindoprili (dawa nyingine ya presha), zilishusha presha vizuri kuliko perindoprili na dawa ya kukojoa bila amlodipini. Na amlodipini haishiki kipokezi cha homoni, inafunga milango ya kalsiamu kwenye misuli ya mishipa.

Na presha ndiyo mzizi wa tatizo letu. THESUS-HF, iliyochapishwa 2012, iliangalia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, karibu nusu yao. Mishipa ya moyo kuziba, ambayo Ulaya ndiyo inaongoza, haikufika hata asilimia 10. Yaani huko wanaugua wazee, kwetu wanaugua wenye watoto shuleni.

#8 Mfamasia wa Zamu

Daktari mtarajiwa, umesema kweli tupu na nakushukuru. Presha peke yake, anza kama ulivyosema. Ila presha ikishaufikisha moyo kuchoka, kizuia-beta kinaingia na hakuna cha mweupe wala mweusi, mgonjwa anakihitaji.

Na hapo hakiwi peke yake. Kuna vipokezi vingine viwili vinavyoshambuliwa pamoja. Figo zikiona damu haba, zinaanzisha mnyororo unaoishia kwenye homoni ya angiotensini ya pili. Inabana mishipa na kuchochea makovu moyoni. Losatani, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, inakalia kipokezi chake. Mnyororo huohuo unatoa aldosteroni, inayozuia chumvi na maji mwilini. Kipokezi cha aldosteroni hakiko ukutani, kiko ndani ya seli, na kikishikwa kinakwenda mpaka kwenye jeni. Spironolaktoni inakikalia. Utafiti wa RALES, 1999 tena, watu 1,663: vifo vilipungua kwa asilimia 30. Ni dawa ya zamani, si ya bei kubwa, na bado naona vyeti vingi vya moyo kushindwa havina. Sharti lake ni kupima potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), maana potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Anayekupa spironolaktoni bila kukupima damu, muulize lini utapimwa.

#9 Mtu wa Maabara

Wakuu, uzi huu usiishe bila kuzungumzia kolesteroli, kwa sababu hapo ndipo Afrika iliipa dunia kitu.

Seli za ini nazo zina vipokezi ukutani, kazi yake kunasa chembe za LDL zinazobeba kolesteroli kwenye damu. Waliovigundua ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, miaka ya mwanzo ya 1970, wakichunguza watoto wanaozaliwa na kolesteroli ya kutisha. Mtoto aliyerithi jeni mbovu kwa baba na mama anaweza kupata shambulio la moyo kabla ya miaka 20. Brown na Goldstein waliona seli za watoto hao hazinasi LDL kwa sababu kipokezi hakipo au hakifanyi kazi. Nobel wakapata 1985. Hata dawa za statini zinapita njia hiyo: zinalizuia ini kutengeneza kolesteroli, ini linakosa, linaongeza vipokezi vya kunasa ile iliyo kwenye damu. Hapa hatuzuii kipokezi, tunakitafutia wingi.

Sasa sikilizeni. Kipokezi cha LDL kikishanasa mzigo kinauingiza ndani, kinaushusha, kinarudi ukutani kubeba mwingine. Kuna protini inaitwa PCSK9. Ikikishika kipokezi, hakirudi tena, kinapelekwa kusagwa. Mwaka 2003 timu za Paris na Montreal zilionyesha kwamba PCSK9 ikizidi nguvu, familia inaumwa kolesteroli. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakauliza kinyume chake: je, kuna watu ambao PCSK9 yao ni butu? Waliwapata miongoni mwa Wamarekani weusi, kiasi cha watu 2 au 3 katika kila 100. Mwaka 2006 wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia watu kwa miaka 15: wenye jeni hiyo butu LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88. Badiliko mojawapo kati ya hayo lilikutwa pia Zimbabwe, na huko akapatikana mama aliyelirithi pande zote mbili. LDL yake ilikuwa chini kabisa, na yeye mzima wa afya, amejifungua. Hilo likawapa watafiti ujasiri kwamba kuizima PCSK9 hakumdhuru mtu.

Mwaka 2015 zikaruhusiwa sindano mbili, evolokumabu na alirokumabu, zinazoikamata PCSK9 kabla haijakifikia kipokezi. Utafiti wa FOURIER, 2017, watu 27,564, ulionyesha mashambulio na matukio makubwa ya moyo yanapungua kwa asilimia 15 juu ya faida ya statini. Damu za watu weusi zimefungua mlango huu, na sindano zenyewe kwa bei yake mwenye asili hiyo kijijini Mutoko au Makete hazioni hata kwa macho. Hili linaniuma na sitalifumbia macho.

#10 Mto Ruhuhu

Mtu wa Maabara, hiyo ya Zimbabwe sikuwahi kuisikia popote. Ahsante sana.

Mfamasia, nimewasomea wazee post yako yote kwa sauti. Mama ameuliza jambo moja: Ramadhani inakaribia, mzee hajawahi kuacha kufunga maisha yake yote. Kavediloli ni mara mbili, dawa ya kukojoa asubuhi. Afanyeje?

#11 Nesi wa Likoni

Naomba nijibu mimi, maana huku kila mwaka tunalishughulikia.

Kwanza arudi kliniki kabla ya mwezi kuandama, si baada. Asibadili saa za dawa kwa kubahatisha. Kavediloli mara mbili inawezekana kuwekwa daku na futari, zote ziko na chakula, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Wengine daktari anawahamishia bisoprololi ya mara moja. Tatizo kubwa ni dawa ya kukojoa: akiimeza daku atakojoa mchana kutwa bila kunywa maji, figo zitaumia na presha itaanguka. Akiimeza futari akakesha chooni, hapo angalau anakunywa. Lakini kwa mtu mwenye asilimia 28 na aliyetoka kuvimba majuzi, madaktari wengi watamwambia mwaka huu asifunge. Na mgonjwa ana ruhusa katika dini. Mleteni imamu wa mtaani akae naye, tumeona mara nyingi mzee anamsikia imamu pale ambapo hatusikii sisi. Fidia ipo.

#12 Kijana wa Kairuki

Swali la mwisho kwa wenye uzoefu: watu wanasoma kwamba vipokezi vinaonekana kwa macho siku hizi, na dawa zinachorwa kwenye kompyuta. Je, vizuia-beta vitapitwa?

#13 Mtu wa Maabara

Kuonekana, ndiyo. Robert Lefkowitz wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwanafunzi wake wa zamani Brian Kobilka walipata Nobel ya kemia 2012 kwa kazi hiyo. Mwaka 1986 timu ya Lefkowitz ilipata jeni ya kipokezi cha beta-2, ikaona protini yake inaukatiza ukuta wa seli mara saba. Mwaka 2007 Kobilka akapata umbo lake, na 2011 akakinasa kikiwa kazini, kimeshikwa kwa nje na kinapeleka amri ndani. Leo karibu theluthi ya dawa zote zilizoruhusiwa zinashika vipokezi vya ukoo huo wa kukatiza ukuta mara saba. Hata semaglutaidi, ile sindano ya kisukari na unene, inashika kipokezi cha ukoo huohuo. Mwaka 2023 utafiti wa SELECT kwa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito mkubwa, wasio na kisukari, ulionyesha matukio makubwa ya moyo yanapungua kwa asilimia 20.

Kupitwa, sioni hivi karibuni. Dawa mpya zinaongezwa juu ya vizuia-beta, haziviondoi.

#14 Mfamasia wa Zamu

Naunga mkono. Mto Ruhuhu, ukienda kliniki na mzee beba haya: daftari la uzito wake wa kila siku, maboksi yote ya dawa anazotumia pamoja na za miti shamba, na majibu ya eko ya kwanza ili ya pili ilinganishwe nayo. Muulize daktari dozi ya kavediloli itapandishwa lini, kama spironolaktoni imo kati ya zile nyingine mbili, na lini atapima potasiamu. Ukipata majibu yaweke hapa, tutayapitia pamoja.